Kuipa Barabara Mgongo

Mtu aliyepewa kazi ya kutufariji kambini Dzaleka, huko Malawi, alikuwa havumilii machozi. Ukianza kulia mbele yake alitazama pembeni, akakohoa, akakuuliza kama umeshachota maji. Ukizidi, alikuwekea ungo wa maharage mapajani. Nimeona wanaume wazima, waliokuwa wamelia mbele ya wageni wa shirika kwa ufasaha mkubwa, wakinyamaza ghafla mbele ya mama huyu na kuanza kutoa mawe kwenye maharage.

Jina lake tulilijua, ila hakuna aliyelitumia. Kwao, mji mdogo wa kando ya ziwa upande wa Burundi, alikuwa akipima uzito wa watoto kwenye zahanati ya misheni, na kwa sifa hiyo shirika lililokuwa kambini likamfanya asistanti sosiali, yaani mtu wa ustawi wa jamii. Cheo hicho kilitutoa jasho, tukakifupisha, akawa Mama Sosiali. Aliitika kama mtu aliyebatizwa hivyo.

Mimi nilikuwa mkalimani wake. Kwetu ni Bukavu, Kongo, lakini vita ya Burundi ilinikuta Bujumbura nikiuza vitambaa, basi nikakimbia vita isiyonihusu pamoja na wenyewe wenye vita. Yangu ilikuja baadaye, nikaisikia redioni nikiwa tayari mkimbizi mzoefu. Kirundi nilikijua, Kifaransa nilikisoma, Kiingereza nilikiokota, na Kichewa cha wenyeji nilijifunza kwa kubishana sokoni Dowa. Shirika liliona huo ni utajiri. Kazi yangu ikawa kuchukua huzuni ya mtu katika lugha moja na kuiweka katika lugha nyingine bila kuimwaga njiani.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha gereza. Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi, na wenyeji walizisimulia habari za wakati ule kwa sauti ya chini hata baada ya gereza kufungwa. Tulipewa chumba chenye mlango wa chuma na kidirisha kilichowekwa juu kabisa kusudi aliyemo asione nje. Shirika lilikipaka rangi ya samawati, likaleta viti viwili vinavyotazamana, likatangaza kwamba hapo ndipo watu watafungua mioyo yao. Mama Sosiali aliingia, akatazama kuta, akatazama kidirisha.

"Bantu balikimbia kufungwa," akasema, "sasa njo unabaita mu kasho baseme shida zabo?"

Hakukaa na mtu humo hata mara moja. Aliweka gunia la maharage, akafunga mlango wa chuma, na toka siku hiyo chumba cha kufungulia mioyo kikawa stoo. Wageni wa shirika walipokuja kukagua, alikalia gunia akatabasamu, nami nilitafsiri kwamba kazi inaendelea vizuri.

Na kweli iliendelea, ila majumbani. Maharage ya mgao yalikuja na mawe mengi kiasi kwamba mtu mvivu angeweza kupoteza meno kabla ya Krismasi. Mama Sosiali aliingia nyumba ya mtu bila mwaliko, akauliza maharage yako wapi, akayamwaga kwenye ungo wake, akaanza kuchambua. Hakuuliza umelalaje wala umeota nini. Alizungumzia baridi ya Dowa, na ubaya wa mafuta waliyotupa mwezi ule, na mke wa fulani anayepika akiacha sufuria wazi. Mwenye nyumba, kwa aibu ya kuona mgeni anamfanyia kazi, alisogea akaanza kuchambua naye. Mikono ikizoea, kwa kawaida mdomo ulifuata. Mimi nilikaa kando nikingoja kitu cha kutafsiri.

Yalipoanza kutoka yale mazito, hakuinua uso. Aliuliza maswali ya ajabu, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia: alikuwa amevaa nini siku ile? Mlikuwa mmekula? Nani alibeba mtoto? Nilimuuliza siku moja kwa nini hamtazami mtu machoni, maana tulikuwa tumefundishwa kutazama.

"Mutu ukimuangalia mu macho, anakupatia ile maneno unataka," akanijibu. "Akiangalia maharage, anasema ile iko."

Isidhaniwe alikuwa mtakatifu. Alikuwa na ulimi. Siri ndogo hazikukaa kwake hata mchana mmoja: nani kagombana na mkwewe, nani kaficha sabuni, nani anajipaka dawa nywele zisionekane nyeupe. Siri kubwa, zile za barabarani, sikuwahi kusikia hata moja imetoka kwake. Aliidharau nsima, ugali wa wenyeji, akaiita chakula cha wagonjwa, na akala sahani mbili. Alisema kilemba ni cha wanawake wasio na kazi, na vyake vilikuwa virefu kuliko vya mke wa mchungaji. Sukari aliipenda waziwazi. Ukikigeuza kikombe chake cha chai, nadhani ingechelewa kumwagika.

Kwenye kanisa letu la turubai alikaa mstari wa mbele na kulala. Mchungaji, mtu mwema aliyependa sauti yake, alihubiri kwamba anayelia sana amepungukiwa na imani, na sala zake za kufariji wafiwa zilianza na kuumbwa kwa dunia. Mama Sosiali alipoombwa aombe alisema, "Mungu, unajua. Amina," na kukaa. Mchungaji aliona hiyo ni dharau. Walishindana hivyo kwa muda mrefu, yeye akiwaambia watu wasilie kwa sababu ya mbinguni, na mama akiwaambia wasilie kwa sababu ya maharage, na mimi nikishangaa watu wanapata wapi nafasi ya kulia.

Sasa niseme jambo ambalo kambi nzima ilijua, na kambi nzima ilijua kwamba halizungumzwi.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, kijana mkubwa. Siku walipokimbia mji wao, walipofika njia panda, kijana alikumbuka kwamba kinga yake, yaani baiskeli, imebaki nyuma ya nyumba. Alisema anairudia, atawakuta mbele. Mama akamwambia afanye haraka. Hakuwakuta. Hakuna aliyemwona tena, na hakuna aliyemwona amekufa. Mama Sosiali alipomtaja alimtaja kama mtu aliyetoka kidogo: kijana yangu hapendi mboga za lengalenga, kijana yangu analala chali. Na baiskeli yoyote ilipopita, hata akiwa katikati ya sentensi, kichwa chake kiligeuka. Kambi yetu ilikuwa kando ya barabara, na wenyeji wa Malawi karibu wote walikuwa na baiskeli. Mtu angechagua mahali pa kumtesa mama huyu asingepata pazuri zaidi.

Huyo ndiye aliyetuletea matanga.

Kwetu mtu akifa, anazikwa, watu wanakaa msibani, na siku ikifika matanga yanaondolewa: wanakusanyika, wanasema maneno, wanakunywa, na mfiwa anaruhusiwa kurudi duniani. Kambini watu wengi walikuwa na wafu wasio na kaburi. Hawakuwa wamezika, kwa hiyo hawakuwa wameanza, na kwa kuwa hawakuwa wameanza hawakuweza kumaliza. Walikaa milangoni wakitazama barabara. Mchana kutwa ungeona wanawake wameketi hivyo, na moto umezimika nyuma yao na watoto hawajala. Shirika lilikuwa na jina lake kwa ugonjwa huo, nami nililitafsiri kwa maneno mengi. Mama Sosiali aliuita kuangalia barabara.

Akaamua kwamba maiti si lazima. Alitandika mikeka mbele ya nyumba ya mfiwa, akawasha moto, akachemsha chai, akawaita majirani waje na ungo zao. Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, mikeka na mabenchi yote yanaipa barabara mgongo. Hakuna kugeuka, hata likipita lori la mgao. Ya pili, mfiwa mwenyewe lazima aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba mtu wake alikufa. Hakukubali "alipotea". Hakukubali "Mungu alimpenda zaidi", ambayo mchungaji aliifundisha. Alitaka maneno yenyewe, makavu: bwana yangu alikufa, dada yangu alikufa. Ukishayasema hakuna aliyekujibu kitu. Watu walishusha macho, wakachambua maharage, na baadaye yakapikwa, tukala.

Nimekaa katika matanga mengi ya namna hiyo. Kuna waliosema mara tu walipoketi, kama mtu anayetema kitu kichungu. Kuna waliokaa mchana mzima na watu wakangoja nao. Lakini wakishasema, kesho yake uliwaona wanafagia. Sijui kwa nini. Wenyeji walitusaidia bila kujua, kwa sababu wana adabu kubwa ya msiba: mwenye baiskeli akiona watu wameketi wameinamisha vichwa na kuipa njia mgongo, anashuka, anaikokota polepole mpaka apite. Tuliwasikia nyuma yetu, minyororo ikilia taratibu.

Mtu mmoja tu aliruhusiwa kuitazama barabara. Yeye mwenyewe aliketi upande wa pili wa moto, akitutazama sisi, na nyuma yetu njia yote mpaka kwenye miti. Bibi mmoja jirani yake, mzee asiyeogopa mtu, alimuuliza kwa nini sheria haimshiki.

"Mi niko ku kazi," akasema.

Basi tukaliacha. Nani angemlazimisha ageuke, na sisi wote tulikuwa tunamhitaji?

Kosa lililoharibu matanga lilikuwa letu sote. Mke wa fundi viatu mmoja alikuwa ametazama barabara tangu afike, amekonda mpaka nguo zinamning'inia. Watu wanne waliotoka kwao walisema waliona mumewe akianguka. Mama Sosiali alimchambulia maharage wiki nzima. Siku ya matanga mwanamke alisema maneno, "Bwana yangu alikufa," akaongeza sifa ambazo hakuna aliyeuliza: kwamba hakuwahi kumpiga, kwamba alijua kuimba, kwamba viatu vyake havikuwahi kuingiza maji. Tulikula, tukaenda. Haukupita muda mrefu, fundi viatu akaja. Alishushwa na kabaza, yaani baiskeli ya kubeba abiria, mbele ya bomba la maji, na begi lake, mzima, analalamika kiti kigumu.

Jirani wa kwanza kumwona alitupa ndoo akakimbia. Wa pili alianza kumwombea kwa lugha zisizojulikana. Mkewe aliletwa, akamgusa usoni, akakaa chini palepale. Ilipofika saa za kuelezana, fundi viatu alikasirika sana. Akaja ofisini na umati nyuma yake, akamkuta Mama Sosiali juu ya gunia.

"Mulinizika?" akauliza.

"Hatukukuzika. Tulikunywa chai tu."

"Munajua vile mutu anajisikia, kukuta bantu banamushangaa kama Lazaro?"

"Sasa mi nifanye nini? Nirudishe chai?"

Alipoa alipoambiwa yale mkewe aliyoyasema. Alitaka kuyasikia tena, akaja kwangu kwa faragha nimwambie neno kwa neno. Miaka iliyofuata kila walipogombana alimkumbusha kwamba alipokuwa marehemu alisifiwa vizuri.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu waliacha kuona kwamba tulikosea, wakaona kwamba ilifanya kazi. Habari ikazagaa toka nyumba hadi nyumba: matanga ya Mama Sosiali yanarudisha watu. Wakaanza kuja asubuhi na mapema, na sukari mkononi. Mama, nami nifanyie, lakini ile ya fundi viatu. Walikuwa tayari kusema maneno makavu kwa sauti kubwa, kisha kugeuka haraka kuona nani anakuja. Mchungaji alihubiri ufufuo Jumapili mbili, akikaribia kudai kwamba ni yeye aliyeuleta. Mama Sosiali aliyafunga matanga yote. Alisema kazi imegeuka uchawi, na yeye si mganga.

Siku moja tulikuwa kwake, nikimsaidia kufunga turubai. Bibi jirani akaja, akakaa bila kukaribishwa, kama alivyojifunza kwa mwenyewe.

"Na we fanya ya kijana yako," bibi akasema. "Labda naye atarudi. Useme tu alikufa. Mungu atakukatalia."

Nilingoja amfukuze. Alikuwa mtu wa kumfukuza mtu. Lakini alifunga kamba ya turubai juu ya fundo alilokwisha kulifunga, nikaelewa kwamba alikuwa ameshalifikiria jambo hilo kabla ya bibi, labda tangu siku ya kabaza, labda usiku kucha.

"Nikisema ili arudi, itakuwa uongo," akasema. "Na kama nasema kweli, nimemuua. Unataka nifanye ipi?"

Bibi akauvuta ungo, akaanza kuchambua. Mimi, na lugha zangu tano, nikarudi kwenye kamba za turubai.

Shirika, kwa kusikia mkanganyiko huo, lilitupeleka Lilongwe kwenye semina. Ilikuwa katika ukumbi wa kanisa karibu na Old Town, unasikia makondakta wanaita abiria mpaka ndani. Mwezeshaji alikuwa mama wa Kimalawi, mtaratibu, suti ya kijivu, aliyejua kazi yake. Mama Sosiali alimpenda papo hapo. Alipenda chai yenye maziwa, alipenda kalamu za rangi, na alipenda maneno mapya. Aliyarudisha kambini kwa gunia: kwa mwezi mzima kila kitu kilikuwa trauma, hata sufuria iliyotoboka.

Kwenye mazoezi alifeli. Tuliambiwa mmoja asimulie na mwingine asikilize bila kukatiza, na yeye alikatiza kabla ya mwenzake kuvuta pumzi: "Na batoto balikula nini?" Tuliambiwa kila mtu achore moyo wake. Wengine walichora nyufa, wengine minyororo, mmoja alichora ndege. Mama Sosiali alichora sufuria yenye kifuniko, akaipaka rangi vizuri.

Siku ya mwisho mwezeshaji alizunguka akiuliza kila mmoja swali moja. Alipofika kwetu alimtazama mama kwa muda, halafu akaniambia nimuulize: wewe unayebeba wengine, wewe unabebwa na nani?

Nikamuuliza.

"Mwambie mi nabebwa na minibasi," akasema, na ukumbi ukacheka, nami nilicheka.

Mwezeshaji hakucheka. Alisema jibu hilo amelisikia, na kwamba jibu lingine likipatikana siku yoyote, hata kama yeye hayupo, mama amwambie mtu mwingine. Nilitafsiri. Mama Sosiali alirudisha kalamu za rangi mezani moja moja. Alikuwa amekasirika kama mtu aliyekanyagwa kidole palepale penye kidonda.

Mwaka uliofuata niliondoka kambini. Nilipata kona kwenye baraza la duka la Mhindi huko Old Town, nikaweka cherehani, nikawa fundi nguo. Nilidhani nimeachana na huzuni za watu, lakini mtu akipimwa kiuno huanza kusimulia, sijui kwa nini. Habari za Mama Sosiali nilizipata kwa waliokuja kununua bidhaa. Walisema amepungua. Walisema bado anaingia nyumba za watu na ungo wake, lakini anakaa karibu zaidi na mlango.

Asubuhi moja alisimama mbele ya cherehani yangu, kilemba kirefu, begi la sokoni mkononi. Nilimwamkia, nikamtolea kiti. Hakukaa. Alitazama mshono niliokuwa nashona akasema umepinda, na kweli ulikuwa umepinda.

"Kesho kutwa kuna matanga," akasema. "Ukuje. Lete sukari."

"Ya nani, Mama?"

Baiskeli ilipita nyuma yake, muuza mkaa na magunia yake. Kichwa kikageuka, kikarudi.

"Umeona?" akasema. "Nimechoka, mutoto ya mama. Kila mwenye kinga katika inchi hii, namuangalia uso. Hata bazee. Hata banamuke."

"Umepata habari?"

"Njo iyo habari. Hakuna habari."

Nilikwenda na sukari nyingi kuliko nilivyoweza kubeba kwa heshima. Nilikuta mikeka imetandikwa mbele ya nyumba yake, moto, mabenchi ya kanisa, na watu kila upande. Fundi viatu na mkewe walikuwepo. Mchungaji alikuwepo. Wote aliowahi kuwachambulia maharage walikuja na ungo zao. Mabenchi yalikuwa yamepangwa kama sheria inavyotaka, yakiipa barabara mgongo, na nafasi ya mfiwa katikati, naye vilevile aipe mgongo.

Alitoka ndani, akatazama nafasi yake. Akachukua kigoda, akazunguka moto, akakaa upande wake wa siku zote, uso barabarani.

Tukasubiri. Tuliyajua maneno, na tulijua kwamba hakuna anayeyasema kwa niaba. Chai ikanywewa. Maharage yakachambuliwa mpaka hayakuwa na jiwe, watu wakaanza kuchambua yaliyochambuliwa. Yeye alikaa na ungo mapajani, mikono juu yake imetulia, akitutazama sisi na nyuma yetu njia yote mpaka kwenye miti. Kila mnyororo wa baiskeli uliposikika nyuma yetu, tuliona usoni mwake ikikaribia, na tuliona usoni mwake ikipita. Sijawahi kuona kitu kigumu kama kile kutazama, na nilikuwa nimelipwa mshahara kwa kutazama magumu. Mara moja midomo yake ilifunguka. Akaifunga tena. Nilitaka kumwambia mama, basi, twende ndani, si lazima.

Mchungaji alisimama. Nikafikiri sasa tunaanza na kuumbwa kwa dunia. Alishika benchi lake upande mmoja, akamwashiria fundi viatu ashike upande wa pili, wakazunguka nalo moto, wakaligeuza. Akakaa, uso barabarani, bega kwa bega na mama. Mke wa fundi viatu akavuta mkeka wake. Bibi jirani akageuzwa na kiti chake akilalamika. Kwa muda mfupi matanga yote yalikuwa yamegeuka, na sisi sote, watu tuliokuwa tumejifunza kwa taabu kubwa kutoitazama barabara ile, tukaketi tunaitazama.

Barabara ilikuwa na vumbi na mbuzi mmoja.

Kisha kutoka upande wa Dowa akaja kijana wa kabaza, baiskeli tupu. Nilimsikia mama akivuta pumzi. Kijana hakushuka. Angejuaje ni msiba? Aliona watu wamejipanga kwenye mabenchi wanatazama njia, akadhani ni abiria. Akafunga breki mbele yetu, ameridhika sana, akampigia mama kengele.

"Mukudikira ndani, amayi?" akauliza.

Watu wakanitazama. Kichewa chake mama kilikuwa cha sokoni tu.

"Anauliza tunamngoja nani," nikasema.

Mama Sosiali alimtazama kijana usoni, kwa makini, kama alivyowatazama wote. Alikuwa na kovu kidevuni na meno mazuri. Hakuwa mwanawe.

"Mwambie," akasema. Akameza mate. "Mwambie hatungojee mutu. Mutoto yangu alikufa."

Nilikuwa nimetafsiri vifo vya watu wengi kwa sauti isiyobadilika. Hicho ilinibidi nikianze mara mbili. Kijana akasikia, akashuka, akailaza baiskeli yake chini kwenye majani, akavua kofia.

"Pepani, amayi," akasema, kumpa pole, na kwa kuwa kwao mtu hapiti msiba, akaja akakaa kwenye mkeka miguuni pake, mahali palipokuwa wazi.

Hakuna aliyejibu kitu. Watu walishusha macho. Mama Sosiali alikaa, machozi yakimtelemka mpaka kwenye kidevu, na hakutazama pembeni wala hakukohoa. Baadaye aliutazama ungo uliokuwa mapajani mwake kana kwamba ndiyo kwanza anauona, akauinua, akamwekea kijana magotini.

"Mwambie mawe anatupa huku," akaniambia, "asitupe mu moto."

Nikamwambia.